Matuta Yatafumuliwa Bila Wewe

Izia, Sumbawanga
Jumamosi, jioni

Fotu mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaona wenzako wa kwaya, na baba yako amesinzia kwenye kiti, mguu wake wenye plasta ukiwa juu ya stuli kama mgeni wa heshima. Nimepata meza peke yangu. Jana tulipozungumza jikoni ulinikatiza, nami nikakukatiza, tukaishia kuosha vyombo kwa hasira. Kwa hiyo leo naandika. Karatasi haikatizi mtu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa, wala namna ya kushika simu yako kwenye basi. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nataka nizungumzie yale maneno yako ya jana kuhusu kwenda Dodoma kusomea miamba: "Niahirishe mwaka mmoja tu, Mama. Chuo hakihami."

Uliposema hivyo baba yako aliita kutoka sebuleni, "Msinifanye mimi sababu! Mguu ni wangu!"

"Baba, wewe pumzika," ukamjibu.

"Nimepumzika tangu nianguke. Nimechoka kupumzika."

Tulicheka sote watatu, lakini hukubadili mawazo. Naijua hesabu unayoipiga. Baba yako aliteleza akipanga magunia ya mahindi juu ya lori kule Laela, na daktari amesema asikanyage shamba msimu huu. Mvua ziko karibu. Yale matuta ya shamba la chini, ntumba tulizojenga pamoja mvua zilizopita zikielekea kwisha, nyasi zake zimeshaoza ndani, nayo yanangoja kufumuliwa na kutandazwa ili tupande. Mikono iliyopo ni yangu na yako. Ukiondoka kesho, itabaki yangu. Hesabu yako haina kosa, ila kuna kitu hukukiingiza ndani yake, na sikulaumu, maana sijawahi kukueleza vizuri.

Unajua kwamba niliishia kidato cha nne. Nadhani umekuwa ukiamini kwamba matokeo yalikuwa mabaya. Hukuuliza, nami nikaona ni heri uamini hivyo kuliko nieleze. Matokeo yalikuwa mazuri. Nilichaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya wasichana upande wa Mbeya, na jiografia ndilo lilikuwa somo nililolipenda kuliko yote. Mwaka huo bibi yako alikuwa na mkono uliovimba, na ntumba zetu kule Mwazye zilikuwa zimejaa mlima mzima. Nikamwambia, "Mama, niende mwakani. Msimu mmoja tu." Hakuna aliyenilazimisha. Niliona ni jambo dogo na jema, na hata leo naliona lilikuwa jema. Halikuwa dogo. Mwaka uliofuata nafasi ilikuwa ya mtu mwingine, na tulipokwenda ofisi ya elimu, mimi na bibi yako, aliyetuhudumia hakuwa mkali hata kidogo. Alitusikitikia, akatupa kiti, akatuambia tusubiri kidogo labda kuna jina litakalotoka. Tulisubiri mpaka wakafunga.

Sijutii yaliyofuata. Nilikwenda Laela kumsaidia mama mdogo kuuza chai kwa wanunuzi wa mahindi, na mmoja wao, kijana wa Mbeya mwenye maneno mengi, akawa anakunywa chai kuliko ilivyo kawaida ya binadamu. Simjutii huyo (najua ataiomba barua hii aisome, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa kidogo: SIMJUTII). Nasema tu kwamba ule msimu mmoja uliniahirishia kitu ambacho sikukipata tena, mpaka wewe ulipoanza kukileta nyumbani kipande kipande.

Jana usingizi ulipogoma nilifungua shajara zangu za zamani, nikakuta siku ile ya tetemeko. Ulikuwa hujaanza shule. Nimeandika: "Ardhi imetikisika tukiwa tunakula. Sufuria zimelia ukutani. Baba Fotu ametoka nje na redio. Fotu ameuliza nani anasukuma." Bila shaka hukumbuki. Majirani walimcheka baba yako wiki nzima kwamba ameacha mke na mtoto ndani akaokoa redio. Alijitetea vizuri sana: "Redio haina miguu. Nyinyi mnayo."

Jibu langu kwako sikuliandika, ila nalikumbuka. Nilisema, "Kula, chakula kinapoa."

Nilikuwa nimeshapata majibu mengi ya namna hiyo mimi mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu Mwazye palikuwa na tanuri la kale la kuyeyushia chuma, la udongo mwekundu, refu kuliko mtu. Matanuri ya namna hiyo wazee waliyaita malungu. Tukichunga mbuzi mvua ikatukuta tulijibanza humo ndani. Nilimwuliza babu waliotangulia walijuaje jiwe lipi lina chuma na lipi halina, maana kwa macho yangu mawe yote yalikuwa mekundu. Akasema waliojua walikufa, na hakuna aliyewauliza kwa wakati. Kisha akanituma maji.

Sasa nikwambie juu ya kisima chetu, kwa sababu watu wanakisimulia vibaya. Wanasema mtoto wa Mama Fotu alitumia uchawi wa shuleni. Wengine wanasema ni bahati. Wewe mwenyewe unakisimulia kwa haraka na kunificha mimi ili nisiaibike. Sina aibu. Lilikuwa kosa zuri, kosa la Mfipa kamili.

Tulipoamua kuchimba, mimi ndiye niliyechagua mahali. Kila kiangazi, nyanda zote zikikauka na upepo ukibeba vumbi, shamba la chini lilibaki jeusi na baridi. Ukifukua kidogo kwa kidole unakuta unyevu. Nikasema maji yako hapa, hakuna haja ya kupima. Fundi wa visima, Oskari, akachimba. Udongo mweusi ukatoka, laini kama keki. Baada yake ukatoka udongo wa mfinyanzi, wa kijivu. Kisha sururu ikalia kengele.

Oskari akainua kichwa kutoka shimoni. "Mama, nimegonga mgongo wa dunia."

"Ongeza kidogo."

"Naongeza, lakini sururu inarudi kuniuliza kama nina akili."

Baba yako akaja, akachungulia, akasema, "Mlisema pana maji."

"Pana unyevu," nikasema.

"Unyevu haunyweki, mke wangu. Nyinyi Wafipa mnazika nyasi kama mnazika ndugu, halafu mnashangaa kaburi lina ubaridi."

Alikuwa anatania, kama alivyozoea kutania ntumba zangu tangu anioe, lakini nilisimama pale kando ya shimo nikahisi ameniamsha. Ubaridi ule haukutoka chini. Niliuweka mimi. Mama mkwe wa jirani aliyetuuzia shamba aliuweka kabla yangu, na wengine kabla yake. Msimu baada ya msimu tumekata nyasi, tumezipanga duara, tumezifunika kwa udongo, zimeoza, tumezitandaza, tumepanda, na udongo umejifunza kushika mvua. Nilikuwa nasoma kazi ya mikono yetu nikidhani ni habari za ardhi. Chini yake mwamba ulikuwa mzima na mkavu, kama ulivyokuwa kabla hajazaliwa mtu wa kulima.

Kosa hilo limenifaa kuliko mambo mengi niliyopatia. Tangu siku hiyo nikiona kitu nakipenda mno na nina hakika nacho mno, najiuliza kama nimekiona au nimekiweka.

Shimo lile tukalifukia. Ulikuwa kidato cha tatu wakati huo, na likizo ilipofika tukashuka pamoja mpaka Muze kumwona mama mkubwa Yustina. Nadhani safari ile unaikumbuka kwa ajili ya wali wake mpya. Mimi naikumbuka kwa ajili ya kona moja katika mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ambako dereva wa Noah alisimama breki zipoe. Tulikuwa tumeshavua masweta. Nyuma yetu uwanda wetu ulisimama kama ukuta, mbele yetu bonde la Rukwa limelala kwenye joto lake, mpaka ng'ambo usione vizuri. Ukanyoosha kidole.

"Mama, kipande kile cha juu tulikotoka na hiki cha chini tunakokwenda vilikuwa usawa mmoja zamani."

"Nani alikishusha cha chini?"

"Kimeshuka chenyewe. Ardhi inavutwa huku na huku, polepole, kucha zetu zinaota haraka kuliko hiyo. Mwamba ukachoka, ukapasuka, na kipande cha katikati kikakosa wa kukishikilia."

Abiria mmoja, mama aliyekuwa na kuku kwenye kapu, akauliza kama kinashuka hata sasa. Ukamjibu ndiyo, bado.

"Kwa hiyo sisi tunashuka na bonde lenyewe linashuka?"

"Ndiyo, Mama, ila wewe unashuka haraka."

Dereva akadakia, "Basi nikichelewa kufika msinilaumu. Muze inazidi kwenda mbali."

Gari zima likacheka, na wewe uliona haya ukanyamaza. Mimi nilitaka uendelee. Tulipoondoka nikakuomba kwa sauti ya chini, ukaendelea mpaka chini kabisa. Ulinieleza kwamba upande wa pili wa uwanda wetu, kule Kasanga, ardhi imezama hivyo hivyo na ziwa Tanganyika likajaa humo, kwa hiyo sisi Ufipa tumebaki juu katikati ya mabonde mawili. Ulinieleza kwamba mito inashusha mchanga na matope ndani ya bonde la Rukwa tangu enzi ambazo hakukuwa na mtu, na bonde halijai kwa sababu sakafu inaendelea kuzama chini ya mzigo. Tabaka juu ya tabaka. Na chini huko, katika matope ya zamani kuliko yote, kuna misitu iliyozama, ikafunikwa, ikabanwa na joto na uzito mpaka ikawa makaa ya mawe.

Nikakwambia, "Basi hizo ni ntumba ambazo hakuna aliyezifumua."

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ukasema nisithubutu kumwambia hivyo msahihishaji. Lakini jioni, tukiwa kwa mama mkubwa, nilikusikia unamwelezea binamu yako kwa maneno hayo hayo, na hukutaja yametoka kwa nani. Nilifurahi sana.

Mama mkubwa naye alikuwa na habari zake. Yalikuwa yamepita malori yenye mitambo kuelekea upande wa kusini wa bonde, na kijiji kizima kilikuwa na maoni.

"Wamekuja kuchimba hewa," akasema. "Hewa! Wangepanda kwenu Sumbawanga, ikifika kiangazi inawapiga usoni bure."

Ukamwambia ni hewa ya namna nyingine, gesi ya heliamu, nyepesi mno, inayohitajika kwenye mashine kubwa za hospitali. Ukasema miamba mikongwe sana huizalisha ndani yake kidogo kidogo, joto la chini likiifungua inapanda kupitia nyufa, na ikikuta udongo mzito umeifunika juu inakwama hapo, kama mvuke chini ya mfuniko. Bila ufa isingetoka. Bila mfuniko isingebaki. Mama mkubwa akafikiri, akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Na wakiipata, nani wa huku atakuwa anaelewa wanachosema?"

Uliinama ukaendelea kupeta mchele.

Tulirudi nyumbani, na siku mbili tatu hukukaa ndani. Ulizunguka mlima wa nyuma na fimbo. Kisha ukatuita, mimi na baba yako, ukatusimamisha kwenye kichuguu, ukatuonyesha mikuyu. Nimeiona mikuyu hiyo maisha yangu yote ya ndoa, nikiokota kuni chini yake, na sikuwahi kuona kwamba imesimama kwenye mstari. Inatoka korongoni, inapanda mlima, inapita kwa jirani, imenyooka kama uzi wa mwashi, na hakuna aliyeipanda.

"Hapo chini mwamba umepasuka," ulisema. "Mvua inaingia kwenye ufa. Mikuyu imejua kabla yetu."

"Huku juu kwenye mawe?" baba yako akauliza. "Maji yapande mlima, yana haraka ya kwenda wapi?"

Oskari naye alikataa mara ya kwanza. Alisema ameshaaibishwa na mama, hataki kuaibishwa na mtoto. Alipokubali, shimo la kwanza lilikwama kwenye jiwe zima. Hilo watu hawalisimulii. Ulilia nyuma ya banda la kuku ukidhani sikuoni. Sikukufuata, kwa sababu nilikuwa na hofu kwamba nikifungua mdomo nitasema, "Acha, mwanangu, tutachota kwa jirani," na nilijua jinsi neno kama hilo linavyoingia kirahisi likiwa na sura ya upendo. Nilikaa jikoni nikachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Ukatoka, ukanawa uso, ukamwendea Oskari. "Shikamoo tena, baba. Tusogee kidogo kuelekea mkuyu mkubwa."

Mahali pale jiwe lilitoka limeoza, unalivunja kwa mkono kama mkate mkavu. Na maji, nakumbuka jinsi Oskari alivyopiga kelele, hayakutoka chini. Yalitoka ubavuni, yanadondoka kutoka kwenye ukuta wa shimo. Padri angepata mahubiri hapo. Mimi nilipata maji, na nusu ya mtaa ikapata nami, na mpaka leo kiangazi hakijayamaliza.

Unaona ninakokwenda na maneno haya. Jana ulinipigia hesabu ya mikono. Mimi nakupigia nyingine. Matuta ya shamba la chini, mtu yeyote wa Ufipa aliyelelewa vizuri anaweza kuyafumua. Kazi ile ni ngumu na inataka mgongo, lakini haimhitaji Fotu. Aliyeona mikuyu kwenye mstari alikuwa mmoja katika mtaa huu, na hata yeye hakuweza kunieleza kwa nini shimo la kwanza lilikwama. Nilikuuliza siku ile, ukasema, "Sijui, Mama. Hatujafika huko." Basi fika huko. Siku watu watakapokuja na ramani zao, iwe wanatafuta gesi, au makaa, au maji tu, nataka mmoja wa walioshika ncha ya ramani awe anajua pia jinsi nyasi zinavyopangwa ndani ya ntumba. Aweze kumwambia mama mkubwa kilichomo bila kumficha na bila kumdanganya. Aweze kuwaambia na wao, "Hapa mnaona unyevu, lakini huo tumeuweka sisi."

Utakosea. Utakwama kwenye mawe mazima huko pia, na kutakuwa na darasa lililojaa watoto waliosoma shule zenye maabara, nao watakuuliza Sumbawanga iko wapi. Waambie iko juu, pale ardhi ilipozama kulia na kushoto ikabaki yenyewe.

Kuhusu mguu wa baba yako: unamtia uchungu kuliko unavyodhani. Leo alfajiri, ulipokuwa umelala, alijaribu kusimama bila magongo ili nimwone. Alisimama, akashika ukuta, akasema, "Mwambie nimesimama." Nimekwambia. Usimpe mzigo wa kuwa yeye ndiye aliyekuzuia. Bibi yako alikufa akiamini ni mkono wake ulionizuia, na kila nilipomwambia sivyo, hakusadiki.

Sasa nikueleze nilichofanya asubuhi ulipokuwa sokoni. Nilikwenda kwa jirani yetu Mama Skola nikampa shamba la chini kwa msimu huu. Atafumua yeye na wanawe, watapanda, tutagawana mavuno. Mimi nitabaki na bustani ya hapa nyumbani, inanitosha pamoja na kumtuliza mwenye plasta.

"Fotu anajua?" akaniuliza.

"Atajua jioni."

"Atakasirika huyo."

"Akasirikie Dodoma," nikamwambia.

Mama Skola akacheka, akaniambia ameshaanza kukusikia ukigomba kutoka huko. Kisha akakumbuka, akauliza aanze kufumua lini. Nikasema Jumatatu. Kwa hiyo, mwanangu, ukiahirisha, hutaahirisha kwa ajili ya shamba. Shamba lina wenyewe.

Barua hii naiweka juu ya kitanda chako. Ukiisoma usije kunijadili usiku huu, maana nitakuwa nimejifanya nimelala. Basi linaondoka alfajiri, na sitakuamsha. Chai itakuwa tayari mezani. Ukitoka chumbani na begi, nitakusindikiza mpaka stendi, na baba yako amesema naye anakuja hata kama ni kwa bajaji. Ukitoka unatafuta jembe, kaliulizie kwa Mama Skola. Nimempa hilo pia.

Mama yako